Mbele ya sendika kulikuwa ngoma na tarumbeta

Batoto wakipita mu cité na ngoma na tarumbeta, tunatoka wote inje kuangalia. Wengine wanasema ni mchezo tu. Hapana, ndugu zetu. Wakati sendika ilikuwa haijazaliwa, ile ngoma ilikuwa inafanya kazi yake.

Wazee waliiita Mbeni. Ilianzia pwani ya Kenya, ku Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, vijana wakiiga bendi za askari wa Wazungu. Kisha vita ya 1914-1918, ikafika mpaka Élisabethville, kwa wafanyakazi wa mine. Kila kundi lilikuwa na mfalme wake, majenerali wake na nguo za kufanana. Walipiga mguu kama askari. Lakini pia walichangishana: mwenzao akiugua walimsaidia, akifa walimzika kwa heshima. Ndiyo maana wakubwa wa koloni waliwachunga kwa jicho kali. Sendika za Weusi ziliruhusiwa mu 1946 tu.

Wazazi, mukinunulia batoto ngoma, muwafundishe na ile kazi ingine: daftari ya michango, kutembelea mgonjwa, kusimama ku kilio. Kijana anayezoea kuchangia mwenzake leo, kesho hatasimama peke yake mbele ya mwajiri.