Mtaa Unavyowadanganya Wanafunzi wa Fizikia

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili swali hili. Hamali anasukuma rikwama lenye magunia ya mchele kutoka Darajani kuelekea Michenzani, mjini Unguja. Njia ni tambarare na mwendo wake ni ule ule, hazidishi wala hapunguzi. Ipi kubwa: nguvu ya hamali inayolipeleka rikwama mbele, au nguvu zinazolizuia?

Wengi watajibu bila kusita kuwa ya hamali ni kubwa zaidi. Isingekuwa hivyo, watakuuliza, rikwama lingekwendaje? Jibu sahihi ni kwamba nguvu hizo ziko sawasawa. Hamali akisukuma kwa nyutoni 100, basi msuguano wa ekseli, wa magurudumu na wa lami nao unampinga kwa nyutoni 100. Nguvu yake ilizidi pale mwanzo tu, alipokuwa analing'oa rikwama kutoka lilipotulia. Kama rikwama na mzigo wake vina kilo 200, naye akasukuma kwa nyutoni 150, zile 50 zilizozidi zingeliongezea mwendo wa robo mita kwa sekunde katika kila sekunde. Angeendelea hivyo, punde angekuwa anakimbia huku anapiga kelele za "simile, simile!" watu wampishe.

Mwanafunzi aliyekosea swali hilo anaweza kukuandikia kanuni ya pili ya Newton kwa hati nzuri, akakokotoa maswali matano ya mtihani na akapata alama zote. Kanuni ameihifadhi, ila moyoni haiamini.

Tumezoea kuambiwa kuwa sayansi ifundishwe kwa mifano ya mtaani, na ushauri huo una faida yake. Lakini katika somo la nguvu na mwendo, mtaa nao hupotosha. Tangu mtoto anapoanza kutambaa, anajionea kwamba kitu hakiendi mpaka kisukumwe, na ukiacha kukisukuma kinasimama. Mpira unasimama, baiskeli inasimama, rikwama linasimama. Anapofika skulini na kuambiwa kuwa kitu kinachokwenda hakihitaji nguvu ili kiendelee kwenda, ana ushahidi wa miaka kumi na kitu unaomwambia vingine. Basi hujifunza kuwa na majibu mawili: la mwalimu na lake mwenyewe.

Asijione mjinga, maana wakubwa walikwama hapo hapo. Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Miladi, alifundisha kuwa kila kinachokwenda kinasukumwa na kitu, na kauli hiyo ilitawala kwa karne nyingi. Ibn Sina, yule tabibu aliyeishi kati ya 980 na 1037, aliitilia shaka. Katika kitabu chake cha ash-Shifa alieleza kwamba kitu kinachorushwa hupewa kitu alichokiita mayl, ambacho hakipotei chenyewe ila kikikutana na cha kukipinga, kama vile hewa. Miaka mia kadhaa baadaye, Galileo aliviringisha mipira kwenye mbao zilizoinama, akaona kwamba kadiri vizuizi vinavyopungua ndivyo mwendo unavyodumu. Mwaka 1687 Isaac Newton akaliweka wazo hilo kuwa sheria ya kwanza: kilichotulia kitabaki kimetulia, na kinachokwenda kitaendelea kwa kasi ile ile katika mstari ulionyooka, mpaka nguvu itoke nje ikibadilishe.

Kinachotudanganya, kwa hiyo, ni msuguano. Hauonekani, haupigi kelele, na haukosekani popote.

Lakini Michenzani pana mahali ambapo msuguano hupunguzwa kwa makusudi kila jioni: kwenye ubao wa keram. Baada ya alasiri, wachezaji wakishakaa, kazi ya kwanza ni kunyunyiza poda. Mmoja anaipangusa kwa kiganja mpaka ubao unang'aa, anapuliza iliyozidi, kisha anajaribu kete kubwa ya kupigia kwa kuidonoa taratibu. Ikiteleza mpaka ukingo wa pili na kurudi, mchezo unaanza. Poda ikishaliwa, kete zinaanza kufia katikati ya ubao, na hapo utasikia mtu anadai inyunyizwe nyingine kabla hajacheza zamu yake.

Mwalimu yeyote anaweza kuligeuza jambo hilo kuwa somo la dakika 20. Piga kete kwenye ubao mkavu, upime ilipofika. Nyunyiza poda, upige tena kwa nguvu ile ile kadiri inavyowezekana. Kete inakwenda mbali zaidi, ingawa haikuongezewa chochote. Sasa muulize mwanafunzi: poda ingekuwa bora mara mia, na ubao ungekuwa hauna mwisho, kete ingesimama wapi? Anapofika kwenye jibu kwamba isingesimama, amepita njia ile ile aliyopita Galileo.

Swali gumu zaidi linafuata. Mwambie achore kete ikiwa katikati ya ubao, imeshaachana na kidole, kisha aweke mishale ya nguvu zote zinazoigusa wakati huo. Wengi watachora mshale mkubwa unaoelekea mbele na kuuita nguvu ya kidole. Mshale huo haupo. Nguvu ya kidole ilikwisha pale kidole kilipoachana na kete. Zilizobaki ni tatu: mvutano wa dunia unaoivuta chini, ubao unaoibeba kwa kiasi kile kile kwenda juu, na msuguano unaovuta nyuma. Kete inakwenda mbele bila ya nguvu yoyote kuipeleka mbele.

Manahodha wa pwani hii wanalijua hilo bila ya kulisoma. Chombo kinachoingia bandari ya Malindi hakishushi tanga kikishagusa gati. Kinalishusha mapema, kikamalizia safari kwa mwendo kilichokwisha kuupata. Jahazi lililosheheni linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko lililo tupu likiwa na mwendo ule ule, kwa sababu lina tungamo kubwa zaidi la kubishana nalo. Majini msuguano ni mdogo kuliko njiani, na ndiyo maana bahari huusema ukweli ambao barabara inauficha.

Majumba ya Michenzani nayo yana somo lao. Yalijengwa zaidi katika miaka ya 1970, kwenye mpango wa Mzee Abeid Amani Karume wa kulijenga upya eneo la Ng'ambo, uliochorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Anayeishi ghorofa za juu anajua thamani ya maji siku yanapokosa presha. Dumu la lita 20 lina uzito wa nyutoni 196 hivi. Kulipandisha mita 15 kunahitaji kazi ya jouli 2,940. Lakini anayelibeba kwa ngazi anabeba na mwili wake pia, na mtu wa kilo 60 hutumia jouli 8,820 nyingine kujipandisha mwenyewe, mara tatu ya kazi ya maji. Anayelivuta kwa kamba kutoka roshani amejiepusha na gharama hiyo. Akiweka kapi badala ya kuiacha kamba ikisuguana na ukingo, atajipunguzia na msuguano. Na dumu linapopanda kwa mwendo usiobadilika, mvuto wa kamba na uzito wa dumu viko sawasawa. Ni swali la rikwama lile lile, safari hii limesimama wima.

Tatizo hili si la visiwani peke yetu. Mwaka 1992, David Hestenes na wenzake huko Arizona, Marekani, walichapisha mtihani wa maswali ya kuchagua, usio na hesabu hata moja, unaopima kama mwanafunzi anaielewa nguvu au ameikariri tu. Wanafunzi waliokuwa wakikokotoa vizuri walianguka. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliwapa wanafunzi wake mtihani huo akiamini watauona mwepesi. Mmoja wao akamuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe?

Mazur alibadilisha ufundishaji wake. Hutoa swali, kila mwanafunzi anachagua jibu kimyakimya, kisha anabishana na jirani yake mpaka mmoja amshawishi mwenziwe, na baadaye wanachagua tena. Njia hiyo haihitaji maabara wala umeme. Inahitaji watu wanaoweza kubishana kwa hoja, na Unguja, yenye mabaraza kila mtaa, haina uhaba wa hao. Ila ubishi hunoga kwa lugha ambayo mtu anaimudu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza sayansi na hisabati zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Lolote mtu analofikiri kuhusu sera hiyo, mwalimu anayewaachia wanafunzi dakika tano wabishane kwa Kiswahili kabla ya kuandika jibu kwa Kiingereza atasikia wanachokiamini hasa, na asichokisikia hawezi kukirekebisha.

Faida ya kurekebisha haiishii kwenye mtihani. Simama kwenye mzunguko wa Michenzani, penye mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, uangalie daladala zinavyoingia. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari hukata kulia muda wote linapouzunguka mnara, na abiria wanalalia upande wa kushoto, ambako ndiko uliko mlango wa ubavuni. Utingo aliyening'inia mlangoni hukaza mkono kwenye chuma. Wote watakwambia kuwa kuna nguvu inayowatupa nje. Haipo. Miili yao inataka kwenda moja kwa moja, na gari ndilo linalowakatia njia. Nguvu iliyopo ni ya kuelekea ndani: kiti, ukuta wa gari, au kile chuma alichokishika utingo.

Gari lenyewe nalo linahitaji nguvu ya kuelekea ndani, na anayeitoa ni msuguano, yule yule aliyetudanganya tangu utotoni. Kwa kilomita 30 kwa saa, kwenye kona ya nusukipenyo cha mita 25, nguvu hiyo ni chini kidogo ya theluthi ya uzito wa gari. Kwa kilomita 60 haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, yaani inaushinda uzito wenyewe, na tairi za kawaida haziwezi kuitoa hata kwenye lami kavu. Breki zinafuata hesabu hiyo hiyo. Kwenye lami kavu, gari linalokwenda kilomita 30 laweza kusimama katika mita tano hivi tangu breki zinapokamata. Kwa kilomita 60 zinahitajika mita 20, na mvua ya masika ikishalowesha njia, zinaweza kufika 35.

Breki husimamisha magurudumu. Gari husimamishwa na msuguano wa barabara. Dereva asiyeitambua tofauti hiyo atanunua breki mpya na kuendelea kukimbia kwenye mvua akijiona salama. Swali la rikwama la hamali lingefaa liwemo katika mtihani wa leseni, pamoja na alama za barabarani.