Jagi la pauni 200 lililouzwa kwa milioni 3

Mapema mwaka 2008 nyumba moja ya mnada huko Somerset, Uingereza, iliweka mezani jagi angavu lenye mpini na makoa ya dhahabu. Kwenye orodha liliandikwa kuwa jagi la mvinyo la Kifaransa, la karne ya 19, makadirio pauni 100 hadi 200. Lilifika pauni 220,000, maana miongoni mwa wanunuzi walikuwemo waliolijua. Mauzo yale yalifutwa kwa makubaliano, na Oktoba mwaka huohuo Christie's ya London ikaliuza kwa takriban pauni milioni 3.2.

Mwandika orodha alisoma nguo, hakusoma mwili. Dhahabu ile ilikuwa kazi ya sonara Mfaransa Jean-Valentin Morel, ya mwaka 1854. Jagi lenyewe lilichongwa Misri enzi ya makhalifa wa Kifatimi, miaka 1,000 hivi iliyopita, kutoka bonge moja la jiwe la bilauri. Ubavuni wamechorwa duma wenye minyororo.

Sisi bilauri tumeizoea kuwa chombo cha kunywea maji. Kwa Kiarabu, neno hilo kwanza ni jiwe lenyewe. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika kwamba bilauri ilipelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, yaani vya Afrika Mashariki, ikachongwa huko Basra. Wataalamu wengi huitazama Madagascar kuwa chimbuko la mabonge makubwa, na njia yake ilipita bahari yetu. Ndiyo sababu mimi siioni biashara ya vyombo hivi kuwa ya matajiri wa mbali tu.

Jiwe hili ni gumu kuliko kisu. Halichongwi kwa patasi. Husagwa taratibu kwa unga mkali na maji, nje na ndani, hadi ukuta wake ubaki mwembamba. Mkono ukiteleza siku ya mwisho, kazi yote imekwenda. Uliguse: ni baridi kuliko kioo, na ndani mara nyingi mna ukungu mdogo uliozaliwa nalo.

Baadaye Milano ikashika usukani wa uchongaji huu. Akina Miseroni, ukoo wa wachongaji, walichonga vyombo vya akiki na yaspi, masonara wakavivika dhahabu, lulu na yakuti, na Kaisari Rudolf II, aliyekaa Prague, akawa mteja mkubwa. Karne ya 19 akina Rothschild, matajiri wa benki, walipovigombea, soko likavutia waigaji. Reinhold Vasters, sonara wa Aachen, alitengeneza vyombo vilivyopita kama vya karne ya 16. Michoro yake zaidi ya 1,000 ilikaa kimya katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 ilipotambuliwa maana yake. Hapo makumbusho yakaanza kukagua makabati yao. Kikombe cha Rospigliosi kilicho katika makumbusho ya New York, kilichosifiwa kuwa cha Cellini, sonara Mwitaliano wa karne ya 16, sasa kinahesabiwa kuwa cha Vasters.

Tangu hapo mnunuzi makini hulipia ukoo wa chombo: nani alikimiliki, orodha gani ya zamani inakitaja, koa lilifungwa lini.

Na bidhaa haiongezeki. Majagi ya Kifatimi ya aina ile yanayojulikana ni machache, hayazidi vidole vya mikono miwili. Mwaka 1998 moja lilianguka Jumba la Pitti, Florence, likavunjika vipande vipande.