Vitamini D na mifupa ya watoto wenye kisukari

Vitamini D ni kirutubishi kinachouwezesha mwili kufyonza madini ya kalisi na fosforasi kutoka katika chakula. Kwa watoto wenye kisukari aina ya 1 inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kudhoofisha mifupa ambayo bado inakua. Kuipata kwa kiasi cha kutosha kunasaidia mifupa, lakini hakuponyi kisukari wala hakuchukui nafasi ya insulini.

Jinsi inavyofanya kazi

Sehemu kubwa ya vitamini D haitoki katika chakula bali katika ngozi. Mionzi ya urujuanimno ya jua hubadili kemikali iliyo jamaa ya kolesteroli kuwa vitamini D. Ini huigeuza kuwa aina ile inayopimwa katika damu, kisha figo huikamilisha kuwa homoni. Homoni hiyo ndiyo inayouamuru utumbo ufyonze kalisi. Ikipungua, mwili huchota kalisi kutoka katika mifupa ili ile ya damu isishuke. Mtoto mdogo huishia kuwa na mifupa laini inayopinda, yaani matege.

Hata hivyo si kila matege yanatokana na upungufu wa vitamini D. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Nigeria wenye ugonjwa huo ulionyesha kwamba kalisi iliwaponya vizuri zaidi kuliko vitamini D peke yake. Vitamini D bila kalisi ni kama fundi aliyefika kazini asikute matofali.

Kisukari kinavyogusa mifupa

Katika kisukari aina ya 1, mfumo wa kingamwili huharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini haishughulikii sukari tu: inachochea pia seli zinazojenga mifupa. Hivyo mtoto anayeikosa hupoteza msaada huo. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu hugandamana na kolajeni, ile protini inayoupa mfupa uimara wake, na mfupa huvunjika kwa urahisi zaidi. Tena sukari nyingi inapotoka katika mkojo, kalisi nayo hupotea humo kwa wingi kuliko kawaida.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika. Watoto wenye kisukari aina ya 1 hupata ugonjwa wa siliaki mara nyingi kuliko wenzao. Katika ugonjwa huo protini ya ngano huharibu utumbo, kwa hiyo mtoto anaweza kula vizuri na bado akakosa virutubishi.

Madhara mara nyingi hayaonekani utotoni. Sehemu kubwa ya akiba ya mifupa hujengwa wakati wa kubalehe, na mtu mzima mwenye kisukari aina ya 1 ana hatari kubwa zaidi ya kuvunjika nyonga kuliko asiye nacho. Zamani swali hili halikuwepo kabisa. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson wa miaka 14 alipodungwa insulini huko Toronto, Kanada, watoto wa namna hii hawakuishi muda wa kutosha hata mtu aulize habari za mifupa yao. Hadi leo kinga ya kwanza ya mifupa hiyo ni sukari iliyodhibitiwa vizuri.

Ushahidi kuhusu vidonge na matone

Ufini, nchi yenye jua hafifu wakati wa baridi, inaongoza duniani kwa kiwango cha kisukari aina ya 1 cha watoto. Utafiti uliotolewa mwaka 2001 ulifuatilia watoto zaidi ya 10,000 waliozaliwa kaskazini mwa nchi hiyo mwaka 1966, wakati watoto wachanga waliagizwa kupewa vizio vya kimataifa 2,000 kwa siku. Waliopewa kiasi hicho kwa ukawaida walipata kisukari mara chache kuliko waliopewa pungufu. Habari hizo zilishangiliwa sana, lakini huo ulikuwa ufuatiliaji tu, si jaribio. Familia zilizotoa matone bila kukosa huenda zilitofautiana na nyingine kwa mambo mengi.

Kuhusu mifupa yenyewe, uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliotolewa na Cochrane mwaka 2010 haukuona faida ya maana kwa watoto wenye vitamini D ya kutosha. Faida ilielekea kuwepo kwa wale waliopungukiwa. Ndiyo sababu ni afadhali kupima damu kuliko kubahatisha.

Jua la Afrika Mashariki

Wengi hudhani kwamba penye jua hapawezi kuwa na upungufu. Ni kweli kwamba Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoshinda nje, walipopimwa katika utafiti wa mwaka 2012 walikuwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, wakati nanomoli 50 huhesabiwa kuwa zinatosha. Lakini ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi, na mtoto anayeshinda darasani au aliyefunikwa mwili mzima halipati. Katika chakula, vitamini D imo katika samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini; dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza kalisi.

Kiasi na hatari

Kiasi kinachopendekezwa kwa siku ni vizio 400 kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, na 600 kuanzia hapo. Kisukari peke yake hakibadilishi hesabu hiyo. Mtoto aliyepimwa na kukutwa na upungufu hupangiwa dozi na daktari.

Vitamini hii huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, hivyo ikizidi haitoki upesi. Ikipita kiasi, kalisi hupanda katika damu: mtoto hutapika, huona kiu kali na kukojoa mara kwa mara, na figo zinaweza kuharibika. Mzazi atambue kwamba kiu na mkojo mwingi ni dalili zilezile za sukari kupanda. Sukari ipimwe mara moja; ikikutwa ya kawaida na dalili zinaendelea, daktari aambiwe matone au vidonge vyote ambavyo mtoto amekuwa akipewa.