Nduthi ikikuzimikia wikendi ya mbio, usikubali ile pesa ya Jumatatu

Kama umekulia Nunguni, kwenye vilima vya Kilungu kule Makueni, huhitaji mtu wa kukufundisha kupanda mlima kwa pikipiki. Barabara zenyewe zilishakufundisha. Unajua kona ipi ina changarawe, unajua gia ya kushukia ukielekea Salama, na unajua namna ya kutuliza nduthi ikiwa na abiria wawili na gunia la mahindi. Ndiyo maana ukitazama video za motokrosi unasema, "Hii hata mimi naweza."

Pengine unaweza kweli. Lakini kuna jambo ambalo video hizo hazionyeshi: mwendeshaji wa ridhaa, yule anayejilipia kila kitu mfukoni, mara nyingi huangushwa na mashine yake kabla ya kuangushwa na washindani.

Chukua mfano huu. Wewe ni boda. Umejichanga miaka miwili, ukanunua pikipiki kuukuu ya motokrosi, injini ya 250cc. Umepata leseni ya kushindana kutoka kwa Shirikisho la Mbio za Magari nchini (KMSF). Sasa ni wikendi ya mbio katika uwanja wa Jamhuri Park, Nairobi, na pesa uliyo nayo ni ya mafuta, chakula na nauli ya pikapu ya kubeba hiyo mashine. Ya spea haipo.

Ijumaa jioni

Unaiwasha nyumbani na inakohoa. Haikatai kuwaka, ila ukivuta mafuta inasita, kisha inatoa moshi mweusi. Usikimbilie kununua kitu. Fungua plagi kwanza uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi hewa. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi petroli na injini inachemka kupita kiasi.

Kama mashine ilinunuliwa Mombasa na inatumia kabureta, usishangae kuona masizi. Kabureta iliyopimwa baharini hutoa petroli ya kutosha hewa ya baharini. Ukipanda hadi Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, lakini petroli inabaki ileile. Injini inalewa. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi, si injini mpya. Fundi atakayekwambia ubadilishe pistoni kabla ya kuangalia plagi na filta ya hewa, mshukuru kwa heshima kisha uondoke.

Jumamosi

Siku ya mazoezi. Jamhuri ikikauka, vumbi lake ni adui. Filta ya motokrosi ni sponji inayolowekwa kwenye oili maalum ili inase vumbi. Ukiirudisha kavu au ukiifunga vibaya, vumbi linaingia kwenye silinda na kukwangua ringi za pistoni kama msasa. Mwanzo utaona nguvu zinapungua. Baadaye moshi wa buluu unatoka, maana oili sasa inaungua pamoja na petroli. Sponji ya bei rahisi imekuletea bili ya injini nzima.

Hapa ndipo boda wengi hukosea hesabu. Nduthi ya kazi unaihudumia kwa kilomita. Pikipiki ya motokrosi unaihudumia kwa saa. Injini yake hubeba oili kidogo, kama lita moja hivi, na inazungushwa kwa kasi kubwa muda wote. Oili hubadilishwa baada ya saa chache tu za mbio, na pistoni yenyewe ina umri wa makumi ya saa. Kwa hivyo ukiuziwa moja, usiulize "imetembea kilomita ngapi?" Uliza imeendeshwa saa ngapi tangu ifunguliwe.

Mchana, klachi inaanza kuteleza. Injini inapiga kelele lakini gurudumu halisukumi, na kuna harufu ya kitu kilichoungua. Kabla ya kulia, angalia waya wa klachi. Ukiwa umekazwa bila nafasi yoyote kwenye mkono, sahani za klachi haziwezi kubanana sawasawa na zinaungua polepole. Ulegeze kidogo. Kama bado inateleza, sahani zimekwisha, na hapo lazima uamue.

Jumapili

Mbio za motokrosi huendeshwa kwa awamu, na pointi zinajumlishwa. Awamu ya kwanza umemaliza, hata kama ni wa mwisho kwenye orodha. Ya pili, katikati, unasikia cheni ikigonga. Imelegea na inaruka meno. Mbele yako kuna mruko, na mama yako ametuma wajumbe watatu wakapige picha.

Zima. Toka kando ya njia. Cheni ikikatika angani inaweza kujisokota kwenye gia ndogo, ikapasua kasha la injini au ikafunga gurudumu la nyuma. Ukitua hivyo, bei haitakuwa ya cheni tena. Itakuwa ya mguu wako.

Na wewe ni boda. Jumatatu kuna wateja wa saa kumi na mbili asubuhi, kuna mkopo wa nduthi, kuna karo ya mdogo wako. Kombe linaweza kungoja mwezi ujao. Mguu uliovunjika hautakuletea riziki hata kidogo.

Usidhani aibu hii ni ya maskini peke yake. Mei 22, 2016, Valentino Rossi aliingia mbio za MotoGP za Mugello, nyumbani kwao Italia, akianza nafasi ya kwanza. Injini ya Yamaha yake ilitoa moshi akiwa anamfukuza mwenzake wa timu, Jorge Lorenzo, na mbio zake zikaishia hapo. Injini ya Lorenzo ilikuwa imekufa vivyo hivyo asubuhi hiyo kwenye mazoezi ya kupasha moto. Yeye akawekewa nyingine na akashinda kwa sekunde 0.019. Kiwanda kizima kilikuwa nyuma yao, lakini mmoja aliharibikiwa kukiwa bado na muda wa kurekebisha, mwingine la.

Wewe huna kiwanda, lakini muda unao. Upeleke Ijumaa, si Jumapili. Ukague cheni, plagi, filta, spoki, boliti na waya kabla ya kulala, ukiwa na karatasi ya kuandika ulichobadilisha na saa ambazo injini imefanya kazi. Kwenye mbio za Dakar kuna kundi zima la waendeshaji wasioruhusiwa fundi. Wanaendesha mchana kutwa, kisha usiku wanashika spana wenyewe. Na Ross Branch wa Botswana, aliyemaliza wa pili Dakar 2024 na kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo ndefu mwaka huohuo, ameonyesha kwamba Mwafrika anaweza kufika huko.

Jambo la mwisho ni la barabara ya nyumbani. Usijaribu mbio hizi kwenye lami ya kushuka Salama. Sheria ya Trafiki inakataza mashindano kwenye barabara ya umma bila idhini, na mteremko wenyewe hauna huruma. Breki za ngoma za boda zikishikwa mfululizo hupata joto, na zikishapata joto zinakoma kushika. Shuka kwa gia ndogo, injini ikushikilie, breki uziguse na kuziachilia.

Na kesho asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, bonyeza cheni ya nduthi yako ya kazi kwa kidole, katikati. Kwa boda nyingi ikicheza milimita 20 hadi 30, uko sawa. Ikizidi, ikaze kwanza. Mteja atangoja dakika tano.