Fani ya Kusomea Isichaguliwe kwa Jina



Matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yakishatangazwa, simu huanza kupishana kati ya kambi na nyumbani. Mtoto yuko Kanzenze, wilayani Rubavu, kwenye barabara itokayo Musanze kushuka Gisenyi. Baba yuko lindoni mbali, pengine hata nje ya nchi. Swali ni moja: mtoto aombe fani gani katika chuo cha ufundi? Mara nyingi jibu hutolewa kwa haraka, kwa kuwa jina la fani fulani linavuma. Haraka hiyo yaweza kugharimu miaka mitatu au minne ya ujana, pamoja na akiba ya mshahara wa askari.

Milango mikubwa ya umma ni miwili. Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vilivyokuwapo, kina Koleji ya Sayansi na Teknolojia inayotoa shahada za uhandisi. Rwanda Polytechnic, iliyoundwa mwaka 2017, ilikusanya vyuo vinane: Kigali, Huye, Ngoma, Karongi, Musanze, Tumba, Gishari na Kitabi. Vyuo hivyo havifanani. Kitabi, karibu na msitu wa Nyungwe, kinajulikana kwa uhifadhi wa mazingira. Tumba kwa elektroniki, kompyuta na nishati. Kwa hiyo achaguaye fani huchagua na mahali.

Utazameni mfano huu. Mwaka 1997, miaka mitatu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo yaliangamiza pia wataalamu wengi wa nchi, eneo la Kigali lililokuwa chuo cha maafisa wa jeshi liligeuzwa kuwa chuo cha teknolojia, KIST. Wataalamu wa KIST wakajenga katika magereza mitambo ya kugeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia. Wa kwanza ulianza kazi mwaka 2001. Kuni zilipungua kwa karibu nusu, na uchafu uliokuwa ukitiririka ovyo ukadhibitiwa. Mwaka 2005 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ashden, huko Uingereza.

Je, kazi hiyo huhitaji watu waliosomea nini? Shimo la mtambo lataka mjenzi ajuaye zege na kuta zisizovuja. Uozo wenyewe wataka ajuaye kemia na vijidudu. Mabomba na majiko yanataka mtu wa mitambo. Kazi ni moja, fani ni tatu, na kila moja ni fani ya msingi. Funzo lake ni hili: kijana na ashike shina; matawi yataota baadaye. Jina jipya linalovuma leo laweza kusahaulika kesho, lakini ujenzi, umeme, mitambo na maji havikosi kazi.

Kwa mtoto wa Rubavu, kazi hizo zi mlangoni. Mwezi Mei 2023 mafuriko ya magharibi na kaskazini yaliua watu zaidi ya 130, na mto Sebeya ulifurika ukabomoa nyumba. Mwezi Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua kuta mjini Gisenyi. Gesi ya methani ya Ziwa Kivu, iliyoanza kutumiwa Rubona mwaka 1963 kwa kiwanda cha bia, siku hizi inazalisha umeme. Yote hayo yanangoja wapimaji ardhi, wahandisi wa maji, wajenzi na mafundi umeme.

Basi kabla ya kujaza fomu, mzazi na mtoto wayapime mambo manne. Kwanza, masomo aliyofaulu: asiyeziweza hisabati na fizikia asisukumwe kwenye uhandisi kwa ajili ya sifa. Pili, karakana: je, wanafunzi hushika vyombo, na hupelekwa kazini kujifunza? Tatu, ngazi: je, mwenye stashahada aweza baadaye kupanda hadi shahada? Nne, gharama: ada, malazi na nauli hadi mwaka wa mwisho, wala si za mwaka wa kwanza pekee.

Askari kijana naye asidhani kwamba maneno haya ni ya watoto tu. Chuo cha jeshi cha Gako kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Rwanda kutoa shahada, uhandisi ukiwamo. Utumishi una mwisho wake. Ufundi humfuata mtu hadi nyumbani.

Ndugu askari, amri ina mahali pake, napo ni gwaride na vitani. Katika jambo hili mzazi aulize, asikilize, aeleze ajuayo, kisha amwachie mtoto neno la mwisho. Yeye ndiye atakayeifanya kazi hiyo kila siku kwa miaka thelathini.