Vita vya Biafra: Lango la Bahari Lilipofungwa

Haya, sogeeni niwasimulie vita vya ndugu kwa ndugu. Nchi ni Nijeria, mwaka ni 1967, na wakuu wa pande mbili huenda walikuwa wadogo kuliko walimu wenu. Yakubu Gowon, aliyeshika serikali ya Lagos, alikuwa na miaka 32. Odumegwu Ojukwu, gavana wa Mashariki, alikuwa na 33. Wote wanajeshi, na walikuwa wakijuana vizuri.

Mwaka mmoja kabla, maelfu ya Waigbo waliuawa Kaskazini. Zaidi ya milioni moja walikimbilia kwao Mashariki, wengine wakiwa na nguo walizovaa tu. Januari 1967 Gowon na Ojukwu walikutana Aburi, Ghana, wakazungumza wakaelewana. Walipofika makwao kila mmoja akawa na maelezo yake. Mei 30 Ojukwu akatangaza dola ya Biafra. Julai 6 mizinga ikaanza kulia.

Lagos ilisema hiyo ni kazi ya polisi tu, itakwisha upesi. Iliendelea miezi 30.

Wengi husimulia kwanza Nsukka, mji wa chuo kikuu uliotekwa katikati ya Julai. Mimi nataka mtazame kusini, Bonny, pale mto unapoingia baharini na meli hupakia mafuta. Mwishoni mwa Julai manowari za serikali zilishusha askari hapo, wakauteka mji. Hayakuwa mapigano ya kutisha. Lakini tangu siku hiyo meli ya Biafra haikupata pa kupita hapo, iwe imebeba bunduki au chumvi. Ukiniuliza mimi, Biafra ilishindwa Bonny, ikachukua miaka miwili na nusu kukubali.

Ojukwu hakukaa kusubiri. Agosti 9, alfajiri, askari wake walivuka daraja la mto Niger pale Onitsha kwa malori na magari ya kila aina, na kabla ya usiku mji wa Benin ulikuwa wao. Wakasonga hadi Ore, kama kilomita 200 kutoka Lagos. Hapo wakakwama, wakarudishwa nyuma hatua kwa hatua. Walipovuka tena kurudi Onitsha, wakalilipua daraja lile lile.

Ng'ambo ya pili kuna mji wa Asaba, nao wakazi wake ni Waigbo, ila walikuwa upande wa Nijeria. Oktoba 7 watu wa Asaba walitoka kulilaki jeshi la serikali. Walivaa nguo nyeupe za sherehe, wakacheza ngoma na kuimba kwamba Nijeria ni moja. Askari wakawatenga wanaume na wavulana, wakawapiga risasi. Waliokufa siku zile ni mamia. Wengine walikuwa na umri wenu, ndiyo maana siwafichi.

Kamanda wa jeshi hilo, Murtala Mohammed, akang'ang'ania kuvuka mto kwa maboti. Alivuka, akatimuliwa, akajaribu tena, askari wake wakazama kwa wingi. Mwishowe akazunguka kwa nchi kavu, akaiteka Onitsha Machi 1968. Kisha msafara wake, karibu magari 100, ukashika barabara kutoka mji wa Enugu kuelekea Onitsha. Machi 31, penye mji wa Abagana, Wabiafra wachache waliojificha kando ya njia walirusha roketi zilizotengenezwa na mafundi wao wenyewe. Lori la petroli likashika moto. Magari yalikuwa yameandamana karibu karibu, moto ukarukia moja hadi jingine, na msafara karibu wote ukateketea.

Ushindi mkubwa, lakini haukuleta chakula. Mei 1968 Port Harcourt nayo ikaanguka, Biafra ikabaki imezungukwa pande zote. Watoto wakaanza kuvimba matumbo, nywele zikageuka rangi ya kutu: unyafuzi. Waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi, na wapo wanaokadiria kuwa waliokufa kwa jumla wanapita milioni.

Kulibaki kipande cha barabara pale Uli, kilichopanuliwa kiwe uwanja wa ndege. Ndege za makanisa na mashirika ya misaada zilitua usiku, zikiwa na maziwa ya unga na samaki wakavu. Taa za uwanja ziliwashwa ndege ikishuka, zikazimwa mara ilipogusa chini, maana ndege za mabomu zilikuwa zikivizia juu.

Hapa ndipo Tanzania inapoingia. Aprili 13, 1968, Mwalimu Nyerere aliitambua Biafra kabla ya serikali nyingine yoyote. Wengi walishangaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akihubiri umoja wa Afrika. Hoja yake ilikuwa kwamba umoja husimama kwa ridhaa ya watu, na waliochinjwa hawawezi kulazimishwa kuridhia.

Aprili 1969 serikali iliteka Umuahia, na siku chache baadaye Wabiafra wakairudisha Owerri mikononi mwao. Ilikuwa pumzi ya mwisho. Januari 1970 Ojukwu aliruka usiku kwenda Ivory Coast, na msaidizi wake Philip Effiong akaenda Lagos kutia saini ya kusalimu amri. Gowon akatangaza kuwa hapana mshindi wala mshindwa. Halafu Waigbo wakaenda benki kuulizia akiba zao. Waliokuwa wametumia akaunti wakati wa Biafra walipewa pauni 20 kila mmoja, hata aliyekuwa ameweka maelfu.