Venice kwa siku moja: Treni inakufikisha, ila kuna kiingilio

Mgeni anayeingia Venice, Italia, kwa treni hapokewi na foleni ya teksi. Akitoka tu stesheni ya Santa Lucia anakuta ngazi, na chini ya ngazi ni maji. Hiyo ni Canal Grande, mfereji mkuu wa mji mkongwe usio na gari, pikipiki wala baiskeli.

Treni hufika hapo kwa daraja refu lililofunguliwa mwaka 1846. Kabla ya hapo, mtu alivuka kwa boti tu. Leo anayetoka mji jirani wa Padova hutumia kama nusu saa, anazunguka, jioni huyo anarudi zake.

Kwa nini kulipa?

Urahisi huo umewabana wenyeji. Mwaka 1951 mji huo mkongwe ulikuwa na wakazi zaidi ya 170,000. Sasa hawafiki 50,000. Nyumba nyingi zinapangishwa kwa watalii, kodi imepanda na familia zimehamia bara.

Ndiyo maana tangu Aprili 25, 2024, mgeni asiyelala mjini hulipa kiingilio katika siku maalumu za msimu wa watalii, kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni. Mwaka 2025 kilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema na euro 10 kwa aliyechelewa. Malipo hufanyika mtandaoni na risiti hukaa kwenye simu. Watoto chini ya miaka 14 hawalipi.

Siku bila presha

Wengi hukimbilia Rialto na uwanja wa San Marco, wanabanana huko hadi jioni. Asiye na haraka huanza na Cannaregio, mtaa ulio jirani na stesheni, ambako bado nguo zinaanikwa madirishani.

Kahawa inayonywewa wima kaunta ni nafuu kuliko ya mezani. Boti ya abiria namba 1 hupita Canal Grande polepole, kituo kwa kituo, kwa bei ndogo mno kuliko gondola. Ila kukaa chini na kula uwanjani San Marco ni faini.

Na anayefika baada ya saa 10 jioni halipi kiingilio. Muda huo wageni wa siku moja wanaanza kurudi stesheni, na vichochoro vinabaki kwa wenyewe.